Safu ya Tatu ya Okwir

Okwir hakusoma. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua nikianza tu kumsifu, atatokea mtu, na mara nyingi ni mwalimu mwenzangu, aniulize, "Madamu Nabangala, huyo mzee alikuwa na cheti gani?" Hakuwa na cheti. Alifika darasa la sita huko kwao Lango, kaskazini mwa Uganda, akaingia jeshini kijana mbichi, akawekwa stoo ya dawa ya hospitali ya jeshi. Alichojua chote alikijulia humo, kwa kubeba masanduku ya madaktari na kusikiliza wanachosema. Haya, cheti hakuna. Sasa nyamazeni nisimulie.

Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, jeshi lake ndilo lililoshindwa. Akawekwa kizuizini miezi kadhaa, akatoka amebaki mifupa, akaja Kansanga kwenye shule yetu ya sekondari, kando ya barabara ya Ggaba, kuomba kazi ya kufagia. Shule yenyewe ilikuwa imeporwa. Walichukua vitanda, wakachukua vioo vya madirisha, hata milango ya vyoo walibeba. Chupa za maabara waliziacha, maana hakuna aliyejua ni za nini. Halafu mende wakaingia stoo, wakala gundi ya lebo, na lebo zikaanguka moja baada ya nyingine. Shule ikabaki na chupa zaidi ya mia mbili, nyingi hazina jina, na chache zilizokuwa na jina zilikuwa na yale majina ya zamani ya Waingereza.

Okwir akapewa ufagio na ufunguo wa stoo, akaambiwa atupe takataka zote. Hakutupa hata moja. Alikaa humo mwaka mzima, chupa moja moja, mpaka akazijua zote.

Mimi nilifika mwaka wa tisini na mbili, kutoka Bungoma, na shahada yangu ya kemia ndani ya bahasha. Kwetu walimu walikuwa wanasubiri ajira mpaka wanaota mvi, na hapa Kampala mtu wa kemia alikuwa anatafutwa kwa tochi. Siku ya kwanza nikaingia stoo na kiburi changu chote, nikachukua chupa yenye kitu cheupe kama maji, nikafungua, nikapeleka puani.

"Madamu!" Sauti ilitoka nyuma ya rafu. "Hiyo pua uko na ingine nyumbani?"

Nikageuka. Mzee mrefu, mweusi tititi, ovaroli ya buluu imeshonwa magotini. Nikamwuliza yeye ni nani hata anifundishe kazi. Akacheka bila kuniogopa, akanipokonya chupa kwa adabu.

"Mimi Okwir. Mimi iko hapa tangu vita imeisha. Hapana peleka pua kwa chupa, Madamu. Leta harufu kwa mkono, hivi, kidogo kidogo."

Akapunga mkono juu ya mdomo wa chupa, harufu ikanijia polepole, tamu. Akachukua kigae cheupe, akadondosha tone moja, tukalitazama likikauka. Akadondosha lingine ndani ya glasi ya maji, tone likazama likakaa chini. "Iko zito kuliko maji, iko tamu," akasema. "Hii ni kloroformu. Daktari walikuwa wanaweka mtu usingizi, na wengine hawakuamka." Nilijua kloroformu huzama chini ya maji. Nilikuwa nimeisoma na kuijibia mtihani. Lakini sikuwa nimewahi kuiona ikizama. Niliona haya, na kwa sababu niliona haya, nilimnunia wiki nzima.

Baadaye tulizoeana. Nilimwita Mzee Okwir, naye akaniita Madamu, hata nilipomwambia aniite dada. Aliishi na mkewe Alanyo na binti yao Acen katika chumba nyuma ya maabara. Acen alikuwa mwanafunzi wangu, maana watoto wa wafanyakazi walisoma bila karo. Miaka minne nilifundisha pale, na miaka minne hakuna mtoto aliyeungua kidole ndani ya maabara yangu. Sifa zilikuwa zinakuja kwangu. Kazi ilikuwa ya Okwir.

Mwaka wa tisini na sita tukaletewa mkuu mpya wa shule. Simtaji jina, sitaki alisikie likitoka kinywani mwangu. Alitaka shule iwe kituo cha mitihani ya kemia ya kidato cha sita, na kutoka ofisi moja kule Nakasero ikaja barua: wakaguzi watafika muhula ujao, wanataka orodha ya kila kitu kilichomo stoo, kwa majina mapya ya kimataifa. Asetoni hawaitaki tena, wanataka propanoni. Asidi ya asetiki wanataka ethanoiki. Mkuu akaniita ofisini.

"Madamu, hiyo orodha utaiweza?"

"Nitaiweza nikiwa na Okwir," nikasema. "Yeye ndiye anayejua kilichomo ndani ya chupa. Mimi najua majina tu."

"Mchukue. Mwambie akisaidia vizuri tutamwandika msaidizi wa maabara. Atoke kwenye ufagio."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake. Nilitoka mbio mpaka stoo, nikamwambia Okwir kama mtu anayepeleka habari za harusi. Yule mzee akaketi juu ya sanduku, akavua kofia. Miaka kumi alikuwa ameandikwa mfagizi. "Msaidizi wa maabara," akasema taratibu. "Alanyo atafurahi." Akaniuliza atafanya nini. Nikamwambia atajifunza majina mapya, kwa sababu wakaguzi wanaweza kumwuliza. Akapiga moyo konde akasema tuanze leo leo.

Tukaanza. Kila siku baada ya kipindi cha mwisho tulifungua daftari kubwa la jalada gumu, nami nikamfundisha.

"Sikiliza, Mzee. Vitu hivi vyote vimejengwa na kaboni. Kaboni ikiwa moja, jina linaanza na meth. Mbili, eth. Tatu, prop. Nne, but."

"Kama cheo," akasema. "Praiveti, koplo, sajini."

"Ehee! Na mwisho wa jina unakuambia ni kikosi gani. Likiisha na oli, ni alkoholi. Oni, ni ketoni. Oiki, hiyo ni asidi."

Akafikiri. "Asetoni umesema ni ketoni. Iko na kaboni ngapi?"

"Tatu."

"Prop..." Akafumba macho. "Propanoni."

Nilipiga makofi peke yangu mle stoo! Nina wanafunzi waliokaa muhula mzima hawajafika hapo. Yeye alifika kwa dakika kumi, na kesho yake ndiye aliyeanza kuniuliza mimi. Asidi ya siki, ethanoiki, maana kaboni mbili. Asidi ya fomiki, methanoiki. Hiyo ya fomiki aliicheka sana nilipomwambia kwamba jina la zamani lilitokana na siafu, kwa sababu asidi hiyo ndiyo inayowasha siafu wakikuuma. "Sasa ile jina ilikuwa na akili!" akasema. "Siafu walinikula porini usiku mmoja, mimi siwezi sahau hiyo asidi mpaka kufa. Hii methanoiki inanikumbusha nini?"

"Haikukumbushi kitu. Inakuambia imejengwaje."

"Inasema kama inashika moto?"

"Haisemi."

"Inasema kama inaua mtu?"

"Haisemi, Mzee."

"Basi ni namba ya nyumba," akasema. "Napewa namba ya nyumba, siambiwi ndani iko mbwa mkali. Madamu, weka laini ingine."

Ndivyo ilivyozaliwa safu ya tatu. Safu ya kwanza jina la zamani, ya pili jina jipya, ya tatu maneno ya Okwir mwenyewe. Alikuwa anaishika chupa, anaigeuza kwenye mwanga, anadondosha tone kwenye kigae, kisha anasema nami naandika. Spiriti ya mbao, methanoli: inafanana na ile ya kunywa, inapofusha macho, funga na kufuli. Fomalini, methanali ndani ya maji: inatoa machozi, unga mweupe chini si uchafu, usimwage. Fenoli: ikigeuka rangi ya waridi bado ni nzima, lakini inakula ngozi na huisikii ikianza. Aliniandikisha hata vitu visivyokuwamo. Nilipomwambia mbona tunaandika kitu ambacho hatuna, alisema wakati wa vita watu walificha vitu pengi, na kitu kilichofichwa siku moja kinatoka. Nikaandika, kumridhisha.

Tulimaliza wiki saba baadaye. Nikampelekea mkuu daftari. Akalifungua, akakunja uso.

"Hii habari ya mbwa mkali na siafu ni ya nini? Wakaguzi wanataka majina. Nakili upya, safu mbili, safi, uandike aliyetayarisha."

Nikanakili upya. Nasema ukweli sasa, kwa kuwa wakati ule sikuusema: sikubishana hata neno moja. Niliiona safu ya tatu kama maneno ya nyumbani tu, nikaona mkuu ana haki, mambo ya ofisi yana utaratibu wake. Nilianza kuvifuta vile vitu visivyokuwamo stoo, kisha nikaifuta safu nzima. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika, Imetayarishwa na Nabangala, Mwalimu wa Kemia. Kulikuwa na nafasi ya kutosha chini yake. Nilijiambia jina la Okwir nitaliongeza baadaye. Daftari la kwanza likaingia kwenye rundo la karatasi za kuwashia jiko la shule.

Wakaguzi walikuja watatu. Chupa zilikuwa zimesimama mistari mistari na lebo mpya, Okwir kazibandika mwenyewe. Mkaguzi mkubwa alifungua daftari ukurasa baada ya ukurasa, akachagua jina, akatafuta chupa, akaikuta. Akasema shule nyingi zimemletea uchafu, hii ndiyo ya kwanza kumpa kitu cha maana. "Nani amefanya kazi hii?"

"Madamu Nabangala," akasema mkuu.

Okwir alikuwa mlangoni, na kitambaa cha vumbi mkononi. Kiingereza alikisikia, hakikumpita. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Mkaguzi akanishika mkono, akautikisa, akaniambia hongera, nami nikaufunga. Okwir akatabasamu, akaniitikia kwa kichwa kunipa moyo, maana alidhani zamu yake inakuja. Alikuwa amekesha akijifunza propanoni yake mpaka butanoni. Hawakumwuliza hata swali moja.

Wiki mbili baadaye akapewa barua ya kumwachisha kazi.

Niliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi. "Mkuu, ulisema utamwandika! Ulisema mbele yangu!"

"Nilisema tutaona," akajibu, anasoma gazeti. "Msaidizi wa maabara siku hizi lazima awe na diploma. Nimempata msichana, Maimunah, ana diploma yake safi. Kwa nini nimweke mzee asiye na cheti? Zamani tulikuwa hatuna budi, hakuna mwingine aliyejua chupa zile. Sasa kila kitu kimo kwenye daftari. Mmefanya kazi nzuri sana, Madamu."

Basi hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Wiki saba nilikuwa namtoa yule mzee kichwani kila alichokuwa nacho, kwa furaha yake na kwa furaha yangu, nikakiweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukisoma. Ahadi ya kazi ilikuwa kilemba cha ukoka, na mimi ndiye niliyemvika.

"Halafu," mkuu akaongeza, "nimekupendekeza uwe mkuu wa idara ya sayansi. Na kibali chako cha kazi kinakwisha Januari, sivyo? Kitahitaji sahihi yangu."

Mimi ni Mkenya. Bila kibali, Januari narudi Bungoma na mabegi yangu. Alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Nikasema asante, nikatoka. Msinihukumu haraka, na wala msinionee huruma. Nilikuwa na sababu, na sababu haikumlisha Okwir wala haikumrudisha Acen darasani.

Walihama Jumamosi. Godoro, masufuria, sanduku moja la bati. Alanyo hakunisalimu. Okwir alinisalimu, akasema, "Madamu, haikuwa wewe," na kwa maneno hayo alinimaliza, kwa sababu ilikuwa mimi. Acen alirudisha vitabu viwili vya shule alivyoazimwa, vimefunikwa gazeti vizuri. Nikasikia baadaye kwamba wamepanga chumba Luzira, na kwamba Okwir anapakua magunia ya mabehewa yanayoshushwa na feri pale Port Bell. Mgongo wa miaka hamsini na kitu chini ya magunia!

Maimunah hakuwa na kosa lolote. Alikuwa msichana mpole, mwenye bidii, anasoma daftari langu kila asubuhi kana kwamba ni msahafu. Kwa daftari lile alijua jina la kila chupa. Alichomwaga, alichovunja, alichoweka karibu na moto akanusurika, sitaki kukihesabu.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata, mafundi waliokuja kutengeneza ngazi za nyuma walibomoa ukuta wa kachumba kidogo kilichokuwa kimefungwa kwa matofali. Ndani wakakuta kreti ya mbao na chupa nane. Mtu aliificha humo kabla ya vita, au wakati wa vita, nani ajuaye. Lebo hazipo. Wakaguzi walikuwa wanarudi Jumanne. Mimi na Maimunah tuliingiza kreti stoo, tukatazamana kama watu wawili waliopotea njia.

Mkuu akaniita. "Nenda kwa yule mzee wako. Akupe majina."

"Nimwambie nini, baada ya yale?"

"Mwambie lolote."

Ijumaa alasiri nikapanda boda boda mpaka Luzira. Nilibeba vichupa saba vidogo vilivyofungwa vizuri, kila kimoja na matone machache ndani. Chupa ya nane kizibo chake kilikuwa kimekwama, sikuweza kuifungua. Okwir nilimkuta nje ya mlango wake, ameketi juu ya jerikeni, anajikanda bega. Aliponiona alisimama. Alisimama kwa heshima, wallahi, akamwita Alanyo alete kiti. Alanyo alileta kiti akakiweka chini kwa kishindo.

Nikamweleza. Hakusema neno la lawama. Aliomba kigae, mkewe akaleta sahani nyeupe, na uchovu ukamtoka usoni palepale. Tone, anatazama. Mkono juu ya kichupa, harufu kidogo kidogo. "Hii propanoni. Hii, ngoja... hii ethanoli, lakini imeingia maji. Hii trikloromethani, ile ya usingizi." Majina mapya yote, hakukosea hata moja. Karibu mwaka mzima chini ya magunia, na alikuwa bado ameyashika.

"Ya nane sikuweza kuifungua," nikamwambia. "Chupa ya kahawia, imebaki robo. Kizibo kimekwama, na shingoni imefanya ukoko mweupe."

Okwir akaiweka sahani chini polepole.

"Umejaribu kufungua?"

"Nilijaribu kuzungusha."

"Lapyem!" Okwir akamaka kwa lugha ya kwao, na Alanyo akashtuka kwa jinsi mumewe alivyonyanyuka. "Madamu, hiyo ni etha! Etha ya zamani! Ikikaa miaka mingi inageuka, ule ukoko ni bomu. Kule hospitali ya jeshi mtu mmoja alizungusha kizibo hivyohivyo, mkono ulibaki ukutani. Mimi nilisema hii! Tuliandika! Nilisema andika hata kama haiko!"

Kweli alisema. Tuliandika, kisha mimi nikaifuta ya kwanza kabisa, kwa sababu haikuwamo stoo. Ethoksiethani. Jina lake kamili nalijua hata mkiniamsha usingizini, kaboni mbili huku, kaboni mbili kule, oksijeni katikati. Chuoni nilisoma pia kwamba huharibika ikizeeka, mstari mmoja katika kitabu kinene, na mstari ule haukunijia mkono wangu ulipokuwa juu ya kizibo.

"Mtu asiguse," Okwir akasema. "Mimi nitakuja. Mimi najua ya kuitoa." Kisha akanitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Madamu, mkuu amekutuma? Hii ni kusema narudi kazini?"

Alanyo naye akanitazama. Acen alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Ningesema hapana. Ningesema sijui. Niliona jinsi alivyokwisha kunyoosha mgongo, nikaogopa kumvunja, nikaogopa pia asije akakataa kunisaidia. Mambo yote mawili yalikuwamo, sitadanganya.

"Ndiyo," nikasema. "Jumatatu."

"Na Acen?"

"Na Acen."

Alanyo akapiga kigelegele. Mwanamke ambaye hakunisalimu siku ile ya kuhama alinishika mikono yote miwili, akanirudishia kiti, akanilazimisha ninywe chai.

Jumamosi nilimpata mkuu nyumbani kwake, nikamwambia kuhusu etha, nikamwambia pia Okwir anakuja Jumatatu na kwamba nimempa neno. Akasema neno ni langu, shule ni yake. Polisi atawapigia simu yeye, wana watu wao wa mabomu. Na kwa askari wa geti ataacha amri Okwir asiingie.

Jumatatu saa mbili na nusu nilikuwa dirishani kwangu, ghorofa ya juu. Okwir alikuwa nje ya geti. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amenyoa. Pembeni yake Acen amevaa sare ya shule, ile ya mwaka jana, imempanda juu ya magoti, na mkononi ana madaftari mapya. Opoka, askari wetu wa geti, alikuwa anatikisa kichwa. Okwir alikuwa anamwonyesha kwa kidole dirisha langu. Nikarudi nyuma ya pazia.

Saa tatu, saa nne, bado walikuwa pale. Saa tano gari la polisi likaingia, geti likafunguliwa na kufungwa nyuma yake. Maaskari wawili wakapanda mpaka stoo, mkuu mbele yao. Waliitazama chupa kwa mbali, wakashauriana, wakasema wataibeba kwenye sanduku la mchanga wakatize uwanja mpaka garini. Jua la saa tano lilikuwa limewaka uwanjani.

Opoka akaja anahema, amepanda ngazi mbio. Akaniita pembeni.

"Madamu, yule mzee hapo nje anasema, wasipitishe kwa jua. Anasema wafunike na gunia imelowa maji, wapite nyuma ya jikoni kwa kivuli, na wasiinamishe hata kidogo. Anasema umwambie mkubwa wao."

"Amesema kitu kingine?"

"Ameuliza kama umejua yeye amefika."

Nikageuka kwa wale polisi. Nikawaambia wasiipitishe juani, waifunike gunia lililolowa maji, wapite nyuma ya jikoni kwenye kivuli, wasiinamishe. Niliyasema yote kwa sauti ya mwalimu, moja baada ya jingine. Gunia likaletwa, likaloweshwa. Mkubwa wao akanitazama kwa heshima.

"Kumbe Madamu unaijua kazi yako," akasema.

Mkuu akatabasamu. Opoka alikuwa bado amesimama pale mlangoni, ananitazama.

Nikasema asante.